Kumbukumbu ya pamoja seva inapowashwa upya: majibu kwa wasomaji wa Arusha na Moshi

Barua tatu tulizochagua mwezi huu zimetoka Arusha na Moshi, na zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: seva ya wavuti ikiwashwa upya, kilichokuwa kwenye kumbukumbu yake ya pamoja, yaani ile ambayo michakato yake yote huisoma na kuiandika, kinakwenda wapi? Barua ya kwanza tumeipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu ndani yake mna fedha za wateja.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwandishi wa programu katika ofisi ndogo ya utalii hapa Njiro, Arusha. Tovuti yetu inaendeshwa na Apache, programu ya seva ya wavuti, juu ya Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, na ndani yake kuna moduli tuliyoiandika wenyewe kwa lugha ya C. Moduli hiyo inatunza mambo mawili katika kumbukumbu ya pamoja: idadi ya maombi yanayotoka kwenye kila anwani ya intaneti, ili tuwazuie wanaotushambulia, na idadi ya nafasi za safari zilizoshikwa kwa dakika 15 wakati mteja anakamilisha malipo kwa simu. Kipande cha kumbukumbu tunakiomba kwa apr_shm_create katika hatua ya post_config, inayofuata baada ya usanidi kusomwa, tukitumia fungu la kumbukumbu liitwalo pconf na jina la faili. Kila tunapoiambia Apache isome usanidi upya, hesabu zote zinarudi sifuri, na mara mbili tumeuza nafasi moja kwa watu wawili, mmoja wao akiwa ndiye aliyekuwa anasubiri uthibitisho wa malipo wakati huo. Jambo hilohilo hutokea usiku, wakati hakuna mtu aliyeigusa seva. Juzi niliizima kwa nguvu kwa kill -9, ikakataa kuwaka tena ikidai kwamba faili tayari lipo. Nifanye nini ili kumbukumbu hii ivuke salama?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Marahaba. Kabla hujagusa hata mstari mmoja wa programu yako, tenganisha kwanza mambo ambayo sote tumezoea kuyaita kwa jina moja la kuwasha upya. Ukitoa amri ya systemctl reload, mchakato mzazi wa Apache haufi. Unapokea ishara ya SIGUSR1, unasoma usanidi upya, unawaacha watoto wa zamani wamalize maombi waliyonayo mkononi, kisha unazaa watoto wapya wa kushika nafasi zao. Ishara ya SIGHUP nayo humwacha mzazi hai, ila watoto hukatwa papo hapo pamoja na maombi yao. Ukitoa amri ya systemctl restart, mzazi mwenyewe anazimwa na mzazi mwingine anaanzishwa akiwa na namba nyingine ya mchakato. Halafu kuna kuzimika kwa mashine nzima, jambo ambalo mkazi wa Njiro hahitaji kuelezwa, kwa kuwa umeme hukatika bila kubisha hodi. Kumbukumbu ya pamoja inaweza kuvuka hali mbili za kwanza ikipangwa vizuri. Hali ya tatu haiwezi kuivuka bila msaada wa diski, na ya nne inafuta kila kilichokuwamo.

Sasa, kwa nini hesabu zako zinapotea hata pale ambapo mzazi yuko hai? Apache hugawa kumbukumbu yake katika mafungu yenye umri tofauti, na fungu la pconf uliloliomba lina umri wa usanidi, si umri wa mzazi. Kila usanidi unaposomwa upya, fungu hilo linasafishwa lote, na kila kilichofungwa ndani yake, pamoja na kipande chako, kinaachiwa. Kisha hatua ya post_config inaitwa tena, moduli yako inaomba kipande kipya, na kipande kipya huanza na sifuri. Apache inafanya sawasawa na ilivyoambiwa; kilichokosewa ni kuamua kumbukumbu hii ni mali ya nani.

Hapo ndipo nafasi moja ilipouzwa mara mbili. Kiini cha mfumo endeshi hakinyang'anyi mchakato ulio hai kumbukumbu ambayo tayari umeiunganisha, kwa hiyo mtoto wa zamani anayemsubirisha mteja hadi uthibitisho wa simu ufike bado anasoma na kuandika kwenye kipande cha zamani, ilhali watoto wapya wanasoma kipande kipya ambacho hakijui kwamba kuna nafasi iliyoshikwa. Ni kama makondakta wawili wa basi moja la Moshi, kila mmoja akiwa na daftari lake la viti, wakikatisha tiketi bila kuulizana. Kadiri ombi linavyochukua muda mrefu, ndivyo vipande viwili vinavyoishi pamoja kwa muda mrefu, na malipo ya simu ni miongoni mwa maombi yanayochukua muda mrefu kuliko yote.

Kuhusu usiku, usimtafute mchawi. Ubuntu huja na programu ya logrotate, ambayo mara moja kwa siku hufunga logi za zamani za Apache na kufungua mpya, na ili Apache ianze kuandika kwenye logi mpya, logrotate huipa amri ya reload. Fungua faili la /etc/logrotate.d/apache2 usome sehemu ya postrotate, utaiona amri hiyo kwa macho yako. Hii ina maana kwamba hata kama timu yako itaapa kutogusa usanidi mwaka mzima, seva itasoma usanidi upya kila siku, na moduli yoyote isiyostahimili jambo hilo ina kasoro ya kudumu.

Dawa ya Apache inajulikana. Lipo fungu jingine linaloishi muda wote ambao mzazi yu hai, nalo hufikiwa kwa s->process->pool. Kipande chako kiombe kutoka fungu hilo, kisha anwani yake iandikishe kwa apr_pool_userdata_set chini ya ufunguo wenye jina la moduli yako. Kila post_config inapoitwa, uliza kwanza kwa apr_pool_userdata_get: ikiwa ufunguo upo, chukua kipande kilichopo na uendelee nacho, ikiwa haupo, ndipo uunde kipya. Usitegemee kigezo cha static ndani ya moduli, kwa sababu moduli inayopakiwa kwa LoadModule huondolewa na kupakiwa tena katika kila kusoma usanidi, na vigezo vyake huanza upya pamoja nayo. Kwa sababu hiyohiyo usitumie apr_pool_userdata_setn, ambayo hainakili ufunguo bali hushika anwani ya maneno yaliyomo ndani ya moduli; moduli ikiondolewa, anwani hiyo inaelekeza kwenye kitu ambacho hakipo. Na usisajili kwenye fungu hilo kazi ya usafishaji iliyoandikwa ndani ya moduli yako, maana siku mzazi anapozimwa ataiita kazi ambayo huenda imehama, na utapata anguko ambalo utahangaika nalo kwa wiki. Usafishaji uachie APR yenyewe, yaani maktaba ya Apache inayotoa kazi hizi zinazoanza na apr_.

Jambo moja dogo linalowachanganya wengi ni kwamba Apache inapoanza kwa mara ya kwanza husoma usanidi mara mbili mfululizo, na post_config huitwa mara zote mbili. Katika toleo la 2.4 unaweza kuuliza kwa ap_state_query uko katika hatua gani, na kama ni ile ya awali unarudi bila kufanya lolote.

Ukishakifanya kipande kivuke, umejipa jukumu ambalo awali hukuwa nalo: programu ya leo inasoma yaliyoandikwa na programu ya jana. Siku utakapoongeza uwanja mmoja katika muundo wa data yako, ukajenga moduli upya na kutoa amri ya reload, watoto wapya watatafsiri baiti za zamani kwa muundo mpya, na nafasi tatu zinaweza kusomeka kama nafasi elfu kadhaa. Kwa hiyo mwanzoni mwa kipande weka kichwa chenye alama ya utambulisho, namba ya toleo la muundo na ukubwa wa kipande, na moduli ikague vyote vitatu kabla ya kuamini chochote kinachofuata. Visipolingana, unda kipande kipya, nakili unachoweza kunakili, na ukubali kwamba maandishi ya watoto wa zamani baada ya kunakili hayatafika upande wa pili. Vilevile, ndani ya kipande usihifadhi anwani za kumbukumbu. Hifadhi umbali kutoka mwanzo wa kipande. Watoto waliozaliwa na mzazi mmoja kwa kawaida hukiona kipande mahali pamoja, ila mchakato unaojiunga baadaye kwa jina la faili unaweza kupewa mahali pengine kabisa, na Linux ya leo huchanganya mahali hapo kwa makusudi ili kuwatatiza wavamizi.

Kufuli nalo lina umri. Kama kufuli lako limeombwa kutoka pconf huku kipande kikitoka kwenye fungu la mzazi, baada ya reload watoto wa zamani watafunga kufuli moja na wapya kufuli jingine, wote wakiandika mahali pamoja. Viishi pamoja, vyote katika fungu la mzazi. Na fikiria mtoto anayeuawa akiwa amefunga: kufuli la faili la aina ya flock huachiwa na kiini chenyewe mchakato unapokufa, lakini kufuli la pthread lililowekwa ndani ya kumbukumbu ya pamoja hubaki limefungwa milele, isipokuwa kama liliundwa kwa sifa ya PTHREAD_MUTEX_ROBUST, ambayo humpa anayefuata jibu la EOWNERDEAD ili akague data kabla ya kuendelea. Kwa hesabu za maombi peke yake ningekushauri uache kufuli kabisa na utumie maongezo ya atomiki, ambayo hayawezi kuachwa nusu.

Nakuja kwenye kill -9. Ishara hiyo haimpi mzazi nafasi ya kusafisha chochote, kwa hiyo faili lenye jina la kipande hubaki, na kwenye Linux nyuma yake mara nyingi kuna kipande cha System V, mtindo wa zamani wa kumbukumbu ya pamoja wa Unix, ambacho kwa desturi yake huishi hadi mtu akiondoe au mashine izimwe. Toa amri ya ipcs -m. Utaona safu ya mmiliki, safu ya ukubwa kwa baiti, na safu iliyoandikwa nattch inayohesabu michakato iliyokiunganisha. Kipande cha Apache chenye nattch ya 0 ni yatima, na unaweza kukiondoa kwa ipcrm -m pamoja na namba yake. Chenye nattch kubwa kuliko 0 usikiguse. Tazama kwanza kwa ps kama watoto wa Apache wangali hai baada ya mzazi kuuawa, maana hilo hutokea, na watoto hao ndio pia wanaoweza kuizuia seva mpya kushika mlango wa 80. Tahadhari nyingine ni kwamba programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, ikiwa iko kwenye mashine hiyohiyo, huweka kipande chake kidogo katika orodha hiyo ili kuzuia hifadhidata moja kuendeshwa na wakuu wawili, na mtu mwenye haraka akifuta orodha yote anaondoa kinga hiyo. Ndani ya moduli yenyewe, ongeza mwito wa apr_shm_remove kabla ya kuunda kipande kipya chenye jina. Au, kama hakuna mchakato wa nje unaohitaji kujiunga, tumia kipande kisicho na jina: watoto hukirithi kwa kuzaliwa tu, na kinatoweka chenyewe mchakato wa mwisho unapokufa, hata kwa kill -9.

Nimejibu ulichouliza, lakini siwezi kuiacha barua yako bila kusema ninachokiamini kwa dhati: nafasi zilizoshikwa hazina haki ya kukaa katika kumbukumbu ya pamoja hata kidogo. Ziweke kwenye hifadhidata, katika jedwali lenye safari, mteja na saa ambayo ushikaji unaisha, na uhesabu nafasi zilizobaki ndani ya muamala mmoja. Kati ya Juni na Oktoba, wageni wanapojaa na seva yako ina kazi nyingi, utaogopa kwamba hifadhidata itachelewa. Kwa ofisi ndogo haitachelewa kiasi cha mteja kugundua. Mgeni aliyelipia nafasi yake kwa simu ana haki ya kuikuta hata kama umeme ulikatika dakika moja baadaye. Hesabu za maombi kwa kila anwani ni jambo tofauti: zikipotea, mshambuliaji anapata dakika chache za ziada, kisha anazuiwa tena. Hizo ziache kwenye kumbukumbu ya pamoja, na ukitaka zivuke hata systemctl restart, ziandike kwenye faili la muda wakati wa kuzima, lipe faili jina lake la kudumu kwa rename baada ya kumaliza kuandika, na ulikague ukubwa wakati wa kuwasha. Apache yenyewe hufanya jambo la namna hiyo kwa hali ya wasawazishaji wa mzigo pale unapoweka BalancerPersist On.

SWALI: Habari za kazi, ndugu mhariri. Ninaihudumia tovuti ya chama cha akiba na mikopo hapa Moshi, mtaa wa Soweto. Tunatumia nginx, programu nyingine ya seva ya wavuti, na kwenye limit_req_zone, mpangilio wa kuwazuia wanaotuma maombi mengi mno, tulikuwa na eneo la kumbukumbu la MB 10. Niliongeza hadi MB 20 na kutoa amri ya nginx -s reload. Nikaona waliokuwa wamezuiwa wameachiwa wote. Siku nyingine ninapofanya reload hawaachiwi. Kwa nini? Na je, kurasa tulizohifadhi kwenye kache ya diski nazo hupotea?
Msomaji, Moshi

JIBU: Nzuri, na asante kwa kuangalia kwa makini kiasi hicho, maana tofauti uliyoiona ndiyo jibu lenyewe. Mzazi wa nginx anaposoma usanidi upya hulinganisha kila eneo jipya na lililokuwapo: jina likiwa lilelile, ukubwa uleule na moduli inayolitumia ileile, eneo la zamani huchukuliwa jinsi lilivyo pamoja na yaliyomo. Ulipobadilisha ukubwa, nginx ililiona kuwa eneo jingine, ikaunda jipya tupu. Hakuna njia ya kulikuza eneo huku ukihifadhi yaliyomo, kwa hiyo mabadiliko ya ukubwa yafanye wakati wa utulivu, na uyafanye mara moja kwa kukadiria vizuri. Kwenye mashine za biti 64 kila anwani inayofuatiliwa huchukua baiti 128, maana yake MB 1 hubeba takriban anwani elfu 8, na MB 10 zako za awali zilitosha takriban elfu 80. Kwa chama cha akiba na mikopo cha mji mmoja, nadhani hukuhitaji kuongeza.

Kache ya diski ni habari nyingine. Kilichomo ndani ya kumbukumbu ya pamoja ni funguo tu, yaani orodha ya kilichopo na mahali kilipo. Kurasa zenyewe ni mafaili kwenye diski. Seva ikizimwa na kuwashwa, orodha inapotea na mafaili yanabaki. Takriban dakika moja baada ya kuwaka, nginx huanzisha mchakato maalumu wa kuyapitia mafaili na kuijenga orodha upya kwa awamu, kwa kawaida mafaili 100 kwa awamu moja na pumziko fupi katikati, ili diski isielemewe. Wakati huo ukurasa ambao haujafikiwa na orodha bado unaweza kutolewa kutoka diskini ukiombwa, kwa hiyo wanachama wako hawatakuta tovuti tupu.

Uwe mwangalifu na jambo moja zaidi: ukibadilisha toleo la nginx kwa ishara ya SIGUSR2, mzazi mpya hurithi milango ya mtandao kutoka kwa wa zamani, na ndiyo maana wageni hawakatiki, lakini maeneo ya kumbukumbu hayarithiwi. Kwa muda ambao wazazi wawili wanaishi pamoja, kila mmoja ana hesabu yake ya waliozuiwa. Mzazi wa zamani usimwache akining'inia kwa saa nzima.

SWALI: Salamu kutoka Usa River. Tovuti yetu ya PHP ni nzito kwa dakika kadhaa kila asubuhi, baada ya amri tuliyoipanga ya kuwasha upya seva saa kumi na moja alfajiri. Baadaye inakuwa nyepesi. Je, tuongeze RAM?
Msomaji, Usa River

JIBU: Salamu tumezipokea. Msinunue RAM, iondoeni amri ya alfajiri. PHP hutafsiri mafaili yenu ya programu na kuiweka tafsiri hiyo katika kumbukumbu ya pamoja ya OPcache, ambayo ukubwa wake wa kawaida ni MB 128, na kila seva inapowashwa upya kumbukumbu hiyo huanza tupu, ikiwa ni pamoja na yale mliyoyaweka kwenye APCu, hifadhi ya data za programu yenu katika kumbukumbu. Wageni wa kwanza wa asubuhi ndio wanaolipia kazi ya kutafsiri upya. Kama ipo sababu ya kweli ya kuwasha upya kila siku, kwa mfano programu inayovuja kumbukumbu, wekeni pm.max_requests kwenye php-fpm, programu inayosimamia michakato ya PHP, ili watoto wabadilishwe mmoja mmoja huku mzazi na OPcache wakibaki, na mkipenda muwashe opcache.file_cache, iliyokuja na PHP 7.0 mwaka 2015, ambayo huweka nakala ya tafsiri kwenye diski na kuirudisha seva inapowaka. Hakikisheni tu kwamba saraka hiyo inaandikwa na mtumiaji wa php-fpm peke yake, kwa sababu anayeweza kuandika humo anaweza kuiamuru tovuti yenu ifanye lolote.